Neno Moja la Kificho

Kazi ya Msellem Nyange, hapa kwetu Jadida, mjini Wete, ilikuwa kujalidi misahafu. Aliirithi kwa baba yake, pamoja na meza ya mvule iliyojaa alama za kisu, sindano ndefu za kushonea migongo ya vitabu, na tabia ya kusema kidogo. Msahafu uliolegea, juzuu iliyotafunwa na mende, kitabu cha maulidi kilichonyeshewa na paa bovu, vyote vililetwa barazani kwake, na vyote viliondoka vikiwa na jalada jipya na harufu ya gundi ya uwanga wa muhogo.

Kaka yake, Kificho, alikuwa mtu mwengine kabisa. Mchana alipima karafuu ghalani, lakini si hilo lililomfanya ajulikane mpaka Gando. Ile miaka ya foleni, sukari ya kadi na redio zisizo na betri, kulikuwa na gazeti la katuni lililokuja na meli kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mlikuwa na Koplo Chururu, polisi mwembamba asiyewahi kumkamata mwizi hata mmoja, na mkewe Bi Mashavu, na mwizi Kidole, ambaye akishaiba hupita kituoni kuomba kiberiti. Gazeti likifika, Kificho hulisoma barazani kwake baada ya alasiri. Wala hakusoma tu. Akiwa Koplo, sauti ilikwaruza kama mlango wenye kutu. Akiwa Bi Mashavu, wanawake waliokuwa wakisikiliza kwa ndani walijifunika kanga usoni kwa kucheka. Watu wazima waliacha bao. Akifika mwisho wa ukurasa wa mwisho, hufunga gazeti taratibu, akawatazama watu mmoja mmoja, kisha akalitamka kwa sauti ya juu neno lililoandikwa pale chini: "Itaendelea!" Hapo baraza zima hulalamika, na yeye huinuka akaenda kutawadha.

Magazeti yenyewe hakuyatupa. Aliyaweka katika sanduku la bati chini ya kitanda, na katikati akamwaga karafuu kavu ili wadudu wasiyaguse. Gazeti lilipokuja kufa, na televisheni zikaanza kuingia majumbani, hakuna aliyemwomba tena asome. Hakununa. Alisema kila kitu na zama zake.

Kiharusi kilimpiga asubuhi moja akiwa anavaa viatu kwenda ghalani. Mkewe, Bi Mwanamize, alimkuta kakaa kitandani, kiatu kimoja mkononi, mdomo umekwenda upande. Walimchukua hospitali, akalazwa, akarudishwa. Mguu ulipata nafuu, akaweza kujikongoja kwa bakora. Mkono wa kulia ulibaki kuning'inia. Sauti haikurudi. Mtu aliyekuwa na sauti za watu kumi, leo akitaka maji alinyoosha kidole.

Msellem alikwenda kwa kaka yake kila siku baada ya kufunga kazi. Walikaa wote wawili kimya, na watu waliopita njiani walisema afadhali ana ndugu kama yule. Lakini kimya cha Msellem kilikuwa cha hiari, na cha Kificho hakikuwa. Msellem alilijua hilo, na lilimtafuna.

Siku moja Bi Mwanamize alikuwa akifagia chini ya kitanda akalivuta lile sanduku. Kitako chake kilikuwa kimeliwa na kutu. Karafuu zimegeuka vumbi. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni wakachimba njia zao katikati ya magazeti, na yaliyosalia yalishikana kwa unyevu kama mkate uliolowa. Pini zilizoyashika zilikuwa zimetoa kutu iliyotambaa kurasa nzima nzima. Bi Mwanamize akataka kuyatia moto.

"Yawache, shemegi," Msellem akasema. "N'pe mie."

"Utayafanya nini haya? Si msahafu huu."

"Nitayatengeneza. Nitamsomea. Labda akiyasikia, ulimi utakumbuka."

Bi Mwanamize alimtazama mumewe, ambaye alikuwa akilitazama sanduku. Macho ya Kificho yalikuwa yamelowa. Basi akakubali.

Tokea siku hiyo meza ya Msellem ikawa na kazi mbili. Misahafu aliifanya asubuhi, kwa udhu. Mchana aliiondoa, akatandika kitambaa kingine, akayatoa magazeti. Kwanza aliyapeleka uani kwenye upepo, kitambaa kimemfunika pua, akapangusa ukungu kwa brashi laini. Kurasa zilizoshikana alizipenyezea ubapa wa mfupa, polepole, akisimama kila zilipogoma. Pini za kutu alizikata moja moja asizivute, maana zikivutwa huondoka na karatasi; mahali pake akashona kwa uzi. Madoa ya mafuta ya taa aliyanyunyizia poda ikayanywa. Uchafu wa vidole aliuokota kwa nyama ya mkate mkavu, akiiviringisha juu ya picha kwa kiganja. Palipotoboka alibandika nyuma karatasi ya shashi, akaacha tundu lionekane ni tundu. Hakuwa mchoraji, na hakutaka kumchorea Koplo Chururu pua isiyokuwa yake. Mwisho aliyaweka baina ya mbao mbili, akagandamiza kwa jiwe la kusagia.

Mwalimu Hilari, mtu wa bara aliyekuwa akisomesha skuli siku nyingi hapa Wete, alisikia habari akaja na nakala chache alizokuwa nazo. "Zangu hazijaliwa," alisema. "Chukua ukurasa wowote unaoukosa, umtilie mzee." Msellem alimshukuru mpaka mwalimu akaona haya.

Gazeti la kwanza kukamilika alilibeba ndani ya mfuko wa kitambaa, ule ule aliokuwa akichukulia misahafu. Alimkuta Kificho barazani. Akalifungua mapajani mwake. Kificho aliugusa ukurasa kwa mkono wa kushoto, akaupapasa, akaunusa. Akacheka bila sauti, mdomo upande. Msellem akaanza kusoma. Alisoma vibaya, sauti moja tu, kama mtu anayesoma tangazo la sheha. Kificho alitikisa kichwa pale alipokosea, na mabega yakamtikisika kwa kucheka, na Bi Mwanamize alikuja kusimama mlangoni na upawa mkononi. Ukurasa wa mwisho ukafika. Msellem akanyamaza kabla ya neno la chini, si kwa makusudi, ni koo tu lililomkauka.

"Itaendelea!" alisema Kificho.

Lilitoka zima, kwa sauti yake yote, kama zamani. Bi Mwanamize aliangusha upawa akapiga vigelegele. Majirani walikuja mbio. Wengine walilia. Msellem alisujudu pale pale juu ya sakafu ya baraza. Jioni ile nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia Kificho alimwambia "Itaendelea," na kila mmoja alicheka kwa furaha akamwambia, "Inshallah, itaendelea!"

Tulidhani ni mlango umefunguka. Kumbe ndilo peke yake lililokuwemo.

Alipotaka chai alisema itaendelea. Alipoumwa na tumbo alisema itaendelea, huku jasho likimtoka. Bi Mwanamize alipomwomba ataje jina la mkewe, mara moja tu, alimkazia macho, akakusanya nguvu zote, midomo ikatetemeka, na lilipotoka lilikuwa lile lile. Yeye mwenyewe alilisikia. Hilo ndilo lililokuwa zito. Akili yake ilikuwa timamu. Alijua anachotaka kusema, na alijua sicho alichokisema. Wiki za mwanzo alijaribu tena na tena. Baadaye akawa hujaribu akiwa peke yake, Bi Mwanamize akimsikia kutoka jikoni.

Msellem hakukata tamaa. Alisema neno moja huleta la pili. Akaongeza kazi. Misahafu ikaanza kukaa barazani kwake siku nyingi, wenyewe wakija wakirudi mikono mitupu, naye amezama katika kurasa za Koplo Chururu. Kila gazeti lililokamilika alilipeleka, akasoma, akanyamaza kabla ya neno hili na lile, akasubiri. Alikuwa akimsubiri kaka yake kama mtu anayesubiri maji kwenye mfereji uliokauka, kikombe kimekingwa.

Kisha ukatokea msiba kwa jirani yetu Jaribu. Alifiwa na mtoto wake wa kike, binti mdogo, kwa homa ya siku chache. Kificho alitaka kwenda kutoa pole. Aliinuka akavaa kanzu kwa msaada wa mkewe, akatia kofia, Msellem akamshika mkono. Palikuwa kimya, watu wamekaa mikekani, khitma imekwisha kusomwa. Kificho alimwendea Jaribu, akamshika mkono, na machozi yakimtoka kweli akafungua mdomo kumwambia yale ambayo watu huambiana.

"Itaendelea," alisema.

Wako waliokuwa hawamjui wakaguna. Kijana mmoja aliangua kicheko kilichomponyoka, akajiziba mdomo. Jaribu aliutoa mkono wake. Hakusema kitu, ila aliinuka akaingia ndani. Tuliokuwa tunamjua Kificho tulimfuata Jaribu tukamweleza, na Jaribu akaelewa, akataka arudi amwombe radhi. Lakini alipotoka, hakumkuta tena pale mikekani. Kificho alikuwa njiani anajikokota, bakora inamponyoka, Msellem nyuma yake hajui amshike wapi.

Baada ya hapo hakutoka tena nje. Alikaa chumbani uso ukielekea ukutani. Aliufunga mdomo wake, na alipotaka kitu alirudi kwenye kidole.

Msellem alikuja na gazeti jengine. Lilikuwa bora kuliko yote, lililomtoa jasho zaidi kuliko yote. Mchwa waliliacha kama wavu, naye akalijenga upya kwa shashi na kurasa za Mwalimu Hilari, mpaka rangi nyekundu ya jalada ikaonekana tena. Bi Mwanamize alimzuia mlangoni.

"Shemegi, basi."

"Hili tu. Hili ndilo alilokuwa akilipenda."

"Basi, nakuomba. Alikuwa bubu, na ububu ni maradhi, mtu huuzoea. Sasa kawa kichekesho. Yeye anaona hivyo. Kila ukija na mfuko huo hugeuka ukutani kabla hujapiga hodi."

Msellem aliingia. Tusimlaumu, alikuwa amelibeba gazeti kifuani kama mtoto. Akaliweka kitandani, akaanza kusoma. Kificho aligeuka. Aliupeleka mkono wake wa kushoto, Msellem akadhani anataka kupapasa kama siku ile ya kwanza, akamsogezea. Kificho aliukamata ukurasa akauchana. Akauchana na wa pili. Kwa mkono mmoja kazi ni ngumu, akatia na meno. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa akilia, na Msellem, badala ya kumzuia, alikuwa akimshikia gazeti lisiteleze.

Kiharusi cha pili kilikuja mvua za masika zilipoanza. Safari hii hakupelekwa popote. Dakitari alikuja nyumbani, akatikisa kichwa. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Shehe Ame, imamu wa msikiti wetu, alikaa upande wa kichwani kumtamkisha shahada. Bi Mwanamize alikuwa miguuni. Msellem alikuwa ameushika ule mkono mzima, wa kushoto.

"La ilaha illa Llah," alisema Shehe Ame, taratibu. "Sema, Kificho. La ilaha illa Llah."

Kificho alifungua macho. Akafungua mdomo, ambao hakuufungua kwa neno tangu siku ya msiba. Tuliokuwa mlangoni tuliona shingo yake ikikaza. Akafunga mdomo. Akaufungua tena, ukatoka mwanzo wa lile neno, silabi mbili, akaukatiza kwa kuuma ulimi. Damu kidogo ikaonekana. Aliliogopa. Aliogopa lisiwe ndilo la mwisho.

"Usihangaike, ndugu yangu," alisema Shehe Ame. "Nyanyua kidole tu. Kidole kinatosha kwa Mola wako."

Hakuna aliyeona kidole. Mkono ulikuwa ndani ya viganja vya Msellem. Baada ya kitambo kidogo Shehe Ame alimfumba macho.

Walipokwisha zika, Shehe Ame alimshika Msellem pembeni. "Ulihisi kidole?" alimuuliza. Msellem akasema hakuhisi. "Basi moyo ulisema," alisema Shehe. "Mungu hamdai mtu asichokuwa nacho." Alisema vizuri, na alisema kweli, na Msellem aliitikia kwa kichwa. Lakini wengi tunaamini hakupata hata tone la faraja kwa maneno yale. Siku zile alikuwa akiushika mkono wake mmoja kwa mwengine, akiubana, akiuachia, kama anayejaribu kujua mtu huhisi kiasi gani.

Hakurudi kwenye meza. Misahafu iliyokuwa barazani aliirejesha kwa wenyewe kama ilivyoletwa, haijashonwa. Aliyemuuliza alimwambia mikono haina kazi tena. Alikwenda shamba la urithi upande wa Gando akapanda muhogo, na kwa kweli hakuwa mkulima. Nguruwe walikula zaidi yake.

Siku moja Bi Mwanamize alimfuata huko na kapu la vitumbua. Walikaa juu ya gogo. Alimwambia magazeti bado yako kwake, safi, yamepangwa, na hajui ayafanye nini. Kuyachoma hawezi, na kuyaona hawezi. Msellem akasema naye hajui.

"Kuna kitu, shemegi," alisema Bi Mwanamize. "Kila nikitaka kumkumbuka anavyosema, namsikia yule koplo. Namsikia Bi Mashavu. Ile sauti ya kwake mwenyewe, aliyokuwa akiniitia usiku na mchana, siipati. Nimekuja unikumbushe weye."

Msellem aliinamisha kichwa. Alitafuta muda mrefu. Midomo yake ilionekana ikijaribu. Akainua uso, akamtazama shemegi yake, akatikisa kichwa.

Bi Mwanamize aliliacha kapu pale, akafunga vizuri kanga yake, akashika njia kurudi Wete kabla mvua haijamkuta.