Mahindi ya Mchangani na Mgeni wa Ndera

Nakumbuka siku ile mjomba alipochoma mbegu yetu akampa mgeni, na mgeni akashukuru.

Mwanangu Buya, usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua nimekuzidi miaka sita tu, na ndevu zangu unaweza kuzimaliza kuzihesabu kabla hujapiga chafya. Lakini bibi husema mzee ni yule aliyetangulia kuona, na haya mimi niliyaona wewe ungali unafukuzana na mbuzi bila nguo. Kesho naenda Garsen kungoja lori la kunirudisha shuleni, na mahindi ya bibi ndiyo kwanza yanataka kutoa mbelewele, lile shada la kileleni. Mbelewele hazingoji likizo. Basi keti, na uache kuchokora pua.

Unajua mto wetu hauna adabu. Mwaka huu unakuja hadi mlangoni kama mkwe mwenye njaa, mwaka ujao umehama bila kuaga. Ulipohama kutoka kijiji chetu cha Hewani, ulichukua na tope lake jeusi, sisi ukatuachia mchanga. Mchanga uliochoka, mwanangu. Mahindi ya kawaida ukiyapanda pale yanaota kwa furaha, yanakufika magotini, kisha majani yanaanza kugeuka manjano kutoka chini, kama mtu anayekufa miguu kwanza. Bwana shamba alituletea mahindi makubwa meupe. Penye tope yalizaa kweli, simsingizii. Mchangani yalitupa magunzi. Samadi nayo, ng'ombe wa Waorma walikuwa nayo tele, ila kila walipopita walikula shamba kwanza ndipo wakaacha samadi.

Bibi hakubishana na mtu. Kila msimu alikuwa akipita katika ule mchanga, mgongo umeinama, akitazama majani ya chini. Shina lililobaki kijani wenzake wakiwa manjano, alilifunga ukindu. Hindi lake aliliacha likauke palepale, kisha akalitundika juu ya meko lipate moshi, na hilo ndilo lililopandwa msimu uliofuata, palepale mchangani. Yale ya manjano aliyakata mbelewele kabla vumbi lake halijamwagika, yasije yakazaa na wenzao. Mjomba Hiribae alikuwa akisema mama yake anahasi mahindi. Tulicheka sana, maana hakuna aliyejua anafanya nini.

Hatukujua kwa sababu hakusema. Kwetu wakongwe wanaamini mbegu ikiwa shambani haitajwi, ukiitaja jicho la watu litaifikia. Mimi niliyekuwa nikimbebea panga nilimwuliza mara moja. Akaniambia mkono ufanye kazi, mdomo uchunge mbuzi. Nikaenda kuchunga mbuzi kwa mdomo.

Basi ukaja mwaka wa njaa. Mto ulikaa chini kabisa, ghala zikabaki za panya, nao panya wakahama. Kilichosimama ni kile kipande cha mchangani tu, mahindi mafupi yenye punje nyekundu, na bado yalikuwa mabichi. Wiki hiyohiyo akafika Mzee Jillo, mchonga mitumbwi kutoka Ndera, analeta mtumbwi wa mjomba. Na wewe wajua: anayekuletea mtumbwi hali chakula cha jana. Anapewa kilicho bora shambani, na kwa wakati ule ni hindi la kuchoma. Mjomba ni mtu mwenye moyo. Akaenda mchangani akatazama mashina. Yapi yaliyo bora? Si yale yaliyo kijani?

Bibi aliporudi kutoka mtoni, harufu ilimfikia kabla ya moshi. Akatua mtungi polepole, akauliza mahindi yametoka wapi.

"Mchangani, mama," mjomba akajibu, kifua mbele. "Yale ya kijani. Mgeni hapewi ya manjano."

"Yote?"

"Yote. Hata ule ukindu wako nimefungia kuni."

Bibi akakaa chini. Sikuwahi kumwona bibi akikaa mchana. Mzee Jillo alikuwa ameshika hindi kwa mikono miwili kama mtu apulizaye kinanda cha mdomo, akalishusha. Hapo ndipo bibi alipoyatoa yote, kwa sauti ndogo: misimu yote tangu mto uhame, kuchagua, kukata, kutundika, na kwamba juu ya meko hapakubaki hata punje, kwa kuwa zote zilikuwa zimeshapandwa. Mjomba alisimama, akakaa, akasimama tena. Hindi bichi likishachumwa halioti, hilo hata mbuzi anajua.

Nilitegemea mgeni ataomba radhi. Mzee Jillo akafuta mdomo akasema, "Dada, hapa jicho la mtu halikula kitu. Kilichokula ni kimya chako. Mimi nimesaidia kutafuna tu."

Nilitaka kucheka nikaogopa. Bibi aliinamisha kichwa. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, nami siku ile nilielewa kwamba si methali ya kuwachekea wasichana.

Kisha Mzee Jillo akaganda. Akamwuliza bibi zile punje alizomfungia kwenye pembe ya shuka zilikuwa nini, msimu uliopita alipokuja kuafikiana juu ya mtumbwi, akalalamika kwamba na kwao mto umewatupa. Bibi alikuwa amemwambia neno moja tu, panda penye mchanga. Alizipanda nyuma ya nyumba. Zikazaa. Ila mavuno yenyewe alimwachia mkewe, na mkewe, alisema, si mtu wa kuacha hindi likae.

Kulipokucha yeye na mjomba wakapanda mtumbwi mpya kuelekea juu ya mto hadi Ndera, kwenda kuona kama kimebaki kitu.

Sisi tukangoja. Tulikula makoma, yale matunda magumu ya mkoma, hadi meno yakalegea. Nilijaribu mzaha, hakuna aliyecheka, hata mimi. Mke wa Mzee Jillo sikuwa nimemwona maishani, lakini nilimwona kila saa, ameshika mchi. Mtu akitwanga chochote pale kijijini, nilitoka mbio kutazama anatwanga nini. Bibi alikuwa akienda ukingoni, akitazama kona ya mto, anarudi. Mama akimwita ale, anasema ameshiba. Ameshiba nini, na chungu tulikijua?

Walirudi siku kadhaa baadaye, jua likiwa utosini, mjomba akipiga kafi, kikapu kikiwa katikati ya magoti yake kama mtoto mchanga. Mke wa Mzee Jillo alikuwa amesaga sehemu kubwa. Yaliyobaki yalikuwa yamening'inia juu ya meko kwake. Bibi akayamwaga kwenye ungo, akachukua hindi moja, akaligeuza kwa muda mrefu. Punje nyekundu, na kati yake nyeupe, huku na huku. Vumbi la mahindi meupe ya jirani lilikuwa limevuka ua.

"Yamechanganyika," bibi akasema.

"Lakini yako hai, mama," akasema mjomba, na sauti yake haikuwa na kifua tena.

Tukaanza upya, palepale mchangani. Mengi yaligeuka manjano, tukayakata. Mara hii bibi alituita sote, na jirani pia, akatuonyesha jani la chini kwa kidole. Hakuna jicho lililodhuru kitu. Lakini kila msimu punje nyeupe zinatokea tena, na macho ya bibi siku hizi yanatambua rangi za kanga tu. Ndiyo maana nina wasiwasi, mwanangu, na ndiyo maana nasema mengi.

Sikia basi. Kila asubuhi pita mchangani utazame majani ya chini. Shina la manjano, likate mbelewele kabla halijamwaga vumbi, na usilionee huruma kwa urefu wake. Mrefu wa majani anaweza kuwa mtupu wa punje. Usichukue mbegu penye tope. Aliyelelewa penye tope hajui njaa, ukimpeleka mchangani atakufia. Lililofungwa ukindu, mwambie kila mtu ni la nini, mjomba mwambie mara mbili. Mgeni akija, mpe lisilofungwa, na umwombe radhi kwa rangi yake. Na mbegu ikipatikana, usiitundike yote kwetu. Mfungie mtu wa mbali kiganja kimoja, umweleze na mkewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema, nasi tumepona kwa kile kiganja tulichokitoa, si kwa kile tulichokificha.

Nenda, Buya. Mungu akupe jicho la bibi na moyo wa mjomba, mdomo nimekupa wangu. Mto ukirudi, ukukute umeshiba. Usiporudi, ukukose ukiwa umeshiba vilevile.