Kogo Aliyenisemea

Sisi tuliokulia mtaa wa Huruma kabla simu hazijaajiriwa kulea watoto, tunajuana. Tunajuana kwa makovu ya magotini. Kiangazi tulicheza bano, zile gololi za kioo, kwenye vumbi, na mvua ya Eldoret ikianza tulicheza bano zile zile kwenye matope, tukizitafuta kwa vidole kama watu wanaochimba viazi. Asubuhi hatukuhitaji saa. Mafundi wa jua kali walianza kugonga mabati, harufu ya mandazi ikapita chini ya mlango, na hapo ukajua kumekucha. Kwenye brikicho, mtoto aliyejificha vizuri sana alisahauliwa mpaka mama yake alipomwita kula.

Na tulilelewa na watu. Nasema watu kwa sababu siku hizi lazima ufafanue. Ploti yetu ilikuwa na milango mingi na bomba moja, na mama yeyote aliyekuwa pale bombani alikuwa na ruhusa ya kukufuta kamasi kwa leso yake bila kuuliza wewe ni wa nani. Akishakufuta alikuuliza umekula nini. Ukidanganya alijua, kwa sababu uso wako alikuwa ameushika mkononi.

Mimi nililelewa na Kogo. Kwetu nyanya tunamwita hivyo. Alikuwa mama yake Mama, na alitoka kijijini Soy nikiwa bado mtoto wa kubebwa, ili Mama arudi mjini, tao, kuuza mitumba. Baba alikuwa kwa malori, tulimwona mara moja moja. Kogo alishuka na kuku mmoja, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na mdomo.

Kogo hakujua kuongea na mtoto kitoto. Aliongea nami kama vile sisi ni wazee wawili waliokutana kwenye baraza ya chifu.

"Mzee, umelala aje?" aliniuliza kila asubuhi.

Kisha alingoja. Aliniangalia usoni mpaka nikunje kipaji, au nirushe teke, au nipige chafya. Hapo alikuwa amepata jibu langu, akalisema mwenyewe kwa sauti nyembamba: "Sijalala poa, Kogo. Blanketi yote ulivuta upande yako." Halafu akarudi kwenye sauti yake nzito: "Pole, mzee. Nilisikia baridi."

Mchana alimwaga maharagwe kwenye sinia tuyachambue. Aliokota moja na kulileta karibu na pua yangu. "Hii ni maharagwe ama ni mawe?" Nikinyoosha mkono kulisukuma, ile sauti nyembamba ilisema, "Ni mawe, Kogo. Macho yako imezeeka." Naye Kogo alikasirika kabisa. "Heshima, mzee! Heshima!" Nilikemewa mara nyingi kwa maneno aliyoyasema yeye.

Pale sokoni ndipo aliponiharibia jina. Alisimama mbele ya mama wa mboga za sukuma, mimi nikiwa mgongoni, mate yananitoka.

"Mzee anasema hii sukuma ililala hapa," alisema.

Mama wa sukuma alinitazama. "Mwambie huyo mzee wako mvua imekosekana."

"Anasema uongeze majani ama twende kwa jirani yako."

Tuliongezwa. Kabla sijaota meno nilikuwa tayari najulikana Huruma kama mtu mgumu. Hata nilipoanza kutembea, yule mama akiniona nakuja alifunika sukuma zake kwa gunia.

Basi nikakua hivyo, nikijua kila kitu. Ukiniambia nilete beseni ya buluu, naleta ya buluu, siyo ya kijani. Kogo akificha kijiko chini ya kikombe na kujifanya hakioni, nilikitoa na kumwonyesha, naye alishangaa kama mtu aliyeona ndovu jikoni. Nilijua nani kwenye ploti amenuna kweli na nani anatania. Kitu kimoja tu sikufanya. Sikuongea. Na niongee kwa nini? Mambo yangu yalikuwa yakisemwa, tena vizuri kuliko ambavyo ningeyasema. Mtu mwenye wakili hapigi kelele kortini.

Nikafika umri wa nasari bila neno hata moja.

Jirani yetu Mama Njoki ndiye aliyeanza kupiga mbiu. Watu wake walitoka Nyeri zamani, na yeye alikuwa na duka pale mbele ya ploti. "Huyu mtoto haongeangi," alisema. "Letee yeye kifaranga. Ikilia kwa mdomo, ulimi inafunguka." Wakashika kifaranga cha kuku wa Kogo, wakakileta midomoni mwangu. Nikafungua mdomo. Kifaranga kikatazama ndani, kikanyamaza. Kilinyamaza siku hiyo nzima na kesho yake. Mimi sikubadilika.

Jioni moja Mama alirudi kutoka tao, akaweka furushi la mitumba chini, akasema bila kuvua viatu.

"Mama, shida ni wewe. Unamwongelea kila kitu. Sasa ataongea saa ngapi?"

"Ana akili," Kogo akasema.

"Akili bila mdomo mimi nitaifanyia nini? Jumatatu tunaenda nasari. Wanataka mtoto aseme jina lake. Asiposema, wewe rudi Soy upumzike, na yeye aende kwa Mama Njoki."

Kwa Mama Njoki kulikuwa na chumba nyuma ya duka. Watoto walikalishwa humo kwa mstari mbele ya televisheni mpaka mama zao watoke kazini. Walikuwa watoto watulivu, siwezi kuwasema vibaya. Walijua kuimba matangazo yote ya sabuni na ya mafuta ya kupikia. Ila ukiwauliza kama wana njaa, walikuimbia.

Mimi nilielewa kila neno, kwa hiyo nilikwenda nikakalia mguu wake, ili kama ni kwenda Soy, aende na mimi juu.

Siku zilizobaki Kogo alijaribu kunifundisha. Aliuliza, "Unaitwa nani?" kisha akauma midomo yake kwa nguvu ili jibu lisitoroke. Nikamwangalia. Nikangoja. Jasho likamtoka. Nikaona huyu mama anaumwa, nikaanza kulia. Akashindwa. "Naitwa Kiprop, jameni, wacha kulia!" akasema kwa ile sauti nyembamba, na sote wawili tukapata nafuu.

Jumatatu ikafika. Nilioshwa mpaka masikio yakawasha, nikapakwa mafuta usoni nikang'aa kama sufuria mpya, nikavalishwa viatu vya Njoki, binti wa jirani, vilivyokuwa vikubwa na vyenye maua. Mama aliniongoza kwa mkono. Kogo alituandama nyuma, lakini Mama alimwambia abaki nje ya ua, asije akanisaidia.

Mwalimu alikuwa mama mrefu mwenye sweta ya kijani. Alinikalisha mbele ya meza, akatabasamu.

"Karibu. Unaitwa nani?"

Nikangoja. Naye akangoja. Nilimtazama mdomo, nikitarajia atoe jibu langu kama mtu mzima yeyote mwenye adabu. Hakulitoa. Akauliza tena. Nikaanza kumwonea huruma. Mwalimu mzima, na hajui kwamba ukishamuuliza mtoto, anayefuata kusema ni wewe!

"Mama," akamwambia Mama, "huyu labda umrudishe mwaka ujao."

Mama aliinamisha kichwa. Mimi nikasikia lile neno kurudisha, na kwangu kurudisha kulikuwa kumoja tu: Kogo akipanda gari la Soy na kuku wake. Nikaona hapa kuna kazi, na mwenye kazi yuko nje ya ua. Nikakohoa kama anavyokohoa Kogo.

"Mzee," nikasema kwa sauti nzito, na lafudhi yote ya Soy ndani yake, "mwalimu anauliza jina. Si ulikunywa uji? Jibu basi."

Kalamu ya mwalimu ilianguka.

"Naitwa Kiprop," nikajijibu kwa sauti nyembamba. "Lakini hii viatu si yangu. Ni ya Njoki."

"Shhh! Hiyo usiseme, mzee," sauti nzito ikanikemea.

"Si ameuliza?"

"Ameuliza jina, hajauliza viatu."

Mwalimu aliinama akachungulia chini ya meza. Mama alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwa.

"Sasa muulize kama hapa kuna uji," nikaendelea kwa sauti nzito.

"Mwalimu, kuna uji?"

"Kuna," mwalimu akajibu, kisha akashtuka kuona amejibu.

"Muulize kama inawekwa sukari."

Mwalimu hakungoja niulize. Alimwaga mezani maharagwe ya kuhesabia, akasema, "Ebu niwekee tano hapa." Nikayatazama. Nilianza kwa kutoa mawe, nikayapanga kando, na punje zilizooza nazo kando. Ile sauti nzito haikuweza kuvumilia. "Mwalimu, hii imejaa mawe. Nani alikuuzia?" Ndipo nikaweka tano.

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza kwa mikono miwili. Alipopata pumzi akamwambia Mama, "Nimemchukua Kiprop. Huyu mwingine sina kiti chake." Kisha akauliza, "Nani anakaaga na huyu mtoto?"

"Ni mama yangu," Mama akasema polepole. "Ndiye amemwongelea mpaka akakataa kusema."

"Hajakataa. Alikuwa anangoja zamu yake. Huku ndani niko na watoto wanaongea tangu asubuhi, na hakuna hata mmoja anajua kungoja zamu. Mwambie huyo mama asante."

Tulipotoka, Kogo alikuwa amesimama nje ya ua na blanketi lake ameshalifunga kwa kamba, tayari kwa safari. Mama alilichukua lile furushi mikononi mwake, akaanza kutembea, na mbele kidogo akasimama.

"Nasari inatoka saa sita," akasema bila kugeuka. "Mimi niko tao mpaka jioni. Sasa nani atampikia huyu?"

Kogo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakukutoka kitu. Nikamwangalia usoni. Nikangoja mpaka kidevu chake kikatikisika.

"Ni mimi," nikasema kwa sauti yake. "Na niongezewe blanketi, Huruma iko na baridi."

"Mzee amesema," Kogo akanong'ona, na Mama akacheka akiwa bado ametupa mgongo.

Miaka imepita, na sasa mimi ndiye ninayeambiwa niangalie mtoto wa dada yangu. Ana miaka mitatu na anajua rangi zote kwa Kiingereza. Anajua majina ya wanyama waliokufa kabla ya babu zetu wote. Nilipommwagia maharagwe kwenye sinia aliyatelezesha kwa kidole, akingoja picha ibadilike. Dada yangu anasema mimi ni mtu wa zamani. Kijana wa miaka yangu, eti wa zamani! Lakini yeye mwenyewe, mtoto akilia, anamuuliza kama simu imeisha chaji.

Kwenye simu hiyo kuna sungura mwenye sauti nyembamba. Anauliza, "Mpira uko wapi?" Ananyamaza kidogo, anapepesa macho, kisha anapiga makofi na kusema, "Vizuri sana!" Mara ya kwanza kumsikia nilicheka peke yangu, nikidhani Kogo amepata kazi. Nikasogea nikamtazama. Macho ni makubwa, mazuri, lakini hayamwangalii mtoto.

Juzi nilikuwa nakoroga ugali, yeye amekaa mkekani na sungura wake. Nikasikia swali la mpira, nikageuka. Mtoto alikuwa amelala zamani, mdomo wazi, shavu juu ya kioo. Sungura akangoja kidogo, akampigia makofi, akamwambia amejibu vizuri sana, na akaendelea na swali lingine.