Wati za Mama Mkwe

Gerishon alichonga mihuri ya mpira katikati ya jiji kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote mama mkwe wake, Wanjira wa Uthiru, hakumwita mkwe hata siku moja. "Yule wa mihuri," ndivyo alivyosema, hata Gerishon akiwa mezani pake anakula githeri. Roho ilimuuma, lakini alinyamaza.

Mwaka wa 2008 akaamua kununua mashine ya leza ya kuandika kwenye mbao na mawe. Wanjira akatangaza kwamba kazi ya kwanza itakuwa jiwe la kaburi lake. Jamani, mama mwenyewe alikuwa mzima, anakama ng'ombe watatu kila asubuhi! Lakini alitaka kulikagua mapema. Marehemu, alisema, huandikiwa ovyo kwa sababu hawezi kulalamika. Gerishon alifurahi kupita kiasi. Akilipatia jiwe hilo, labda ataitwa mkwe.

Wakaingia dukani kwa Abdulrauf, muuza mashine, mama akibeba ubao wa majaribio, Gerishon akihema na vipande viwili vya jiwe jeusi lililong'arishwa.

"Ninazo mbili, ya wati arobaini na ya themanini," Abdulrauf akasema. "Kwa kazi yenu arobaini yatosha. Leza haichimbi jiwe, bibi. Hulichubua tu juu, maandishi yakatoka meupe."

"Arobaini?" Wanjira akafoka. "Taa yangu ya choo ni arobaini! Hata mende hashtuki. Mimi niandikwe na taa ya choo?"

Gerishon alijua Abdulrauf anasema kweli. Lakini kwao mkwe hambishii mama wa mkewe, basi akatikisa kichwa kukubali, mwoga we!

Themanini ikawashwa, nguvu zote. Ubao ukafuka moshi, wateja wakakimbilia nje wakikohoa. Moshi ulipotulia, jina la Wanjira lilikuwa matundu matupu. Ukichungulia, unamwona Abdulrauf upande wa pili anafuta machozi.

"Sasa jiwe," mama akaamuru.

Jiwe likapasuka vipande vidogo vidogo kwenye kila herufi, jina likawa limetafunwatafunwa. Wanjira akalisogeza puani, macho yake yana ukungu wa uzee. "Hapa pameandikwa nini?"

Gerishon akafagia vumbi la jiwe kwa kiganja. Kilibaki kipande kimoja cha jiwe.

"Ongezeni moto," akasema.

"Hapana, Mama."

Gerishon mwenyewe alishtuka kujisikia. Jasho likamtoka, lakini akahamia kwenye mashine ya arobaini, akaweka jiwe, akaiachia iende polepole. Matumaini ya miaka kumi na tisa yalikuwa yameisha hapo, Gerishon alijua.

Jiwe likatoka. Wanjira akalishika mbali kidogo, akasoma jina lake lote bila kukunja uso, jeupe kwenye weusi.

"Nani amekufundisha kunipinga?"

"Nisamehe, Mama."

"Rudisha jiwe kwa mashine. Chini yangu andika: na mkwe wake, Gerishon."

"Lakini Mama, mimi niko hai!"

"Kwani mimi nimekufa? Tarehe acha wazi." Akamgeukia Abdulrauf. "Na hiyo taa ya choo, mfungie mkwe wangu vizuri. Tunaenda nayo nyumbani."

Gerishon akaandika jina lake kaburini, machozi ya furaha yakimtiririka.