Mlango wa Stoo ya Dada

Ilikuwa mwaka wa mvua kubwa. La, siyo. Mwaka wa mvua kubwa ndipo upepo ulipoezua paa la karakana, na siku hizo karakana ilikuwa bado na mlango wake wa zamani. Basi ulikuwa mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, mbao zimekauka vizuri, na fundi wa magitaa ambaye mtaa mzima ulimwita Gonga alikuwa amebaki na sikio moja.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Hakuweza kupita kando ya mbao bila kuigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Aligonga meza za watu, masanduku, mabenchi ya kungojea daktari. Aligonga na milango, na hiyo ndiyo iliyomtia aibu, maana mwenye nyumba alitoka na kuuliza, "Karibu, kuna nini?" naye akajibu, "Hamna kitu, mama. Nilikuwa naongea na mlango."

Sasa sikio la kulia lilikuwa limeshalala, na la kushoto lilianza kusinzia. Tangu ujana wake alitengeneza magitaa ya watu. La kwake mwenyewe hakuwa nalo. Kila alipoweka mbao nzuri kando, alitokea mteja mwenye haraka, ikaenda. Safari hii aliapa moyoni kwamba atatengeneza moja la kwake, na atalisikia kabla sikio la pili halijafunga duka. Mgongo wa mkangazi alikuwa nao, na shingo pia. Kilichokosekana ni uso, ule ubao mwembamba wa mbele wenye tundu, ambao mafundi husema ndio mdomo wa gitaa.

Mwenzake wa kuwinda mbao alikuwa Gundi, fundi wa karakana ya jirani, mtu mfupi mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Walikuwa marafiki wa kushibana, ila penye mbao hapakuwa na urafiki. Anayeona mbao nzuri huiita kuni, ili mwenzake aipite. Walidanganyana hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeona ubaya.

"Hii kuni," Gundi alisema siku moja, huku amekalia kipande cha mwerezi kilichonyooka kama uzi.

"Kuni kweli. Ndiyo maana umeiatamia kama kuku?"

"Napumzisha miguu tu, kaka. Na ule mpingo wako, bado unaringa?"

"Mweusi ule, ukiuweka juani utaokota kivuli ukidhani ndiyo mbao."

Basi siku hiyo ya kiangazi Gonga alikwenda kumwamkia dada yake mkubwa. Dada alikuwa ametoa kila kitu kwenye stoo ili aipake rangi: magunia, ndoo, baiskeli isiyo na gurudumu, vyote vimerundikana ukumbini. Gonga akajipenyeza katikati, na alipofika kwenye mlango wa stoo uliofungwa, kidole chake kikagonga kabla yeye hajakiruhusu.

Mlango ukaitika. Haukusema ko kama milango mingine. Ulivuta sauti ndefu, nzito, kama mtu anayekubali jambo huku amefumba mdomo. Akagonga tena. Ukaitika tena, na aliusikia vizuri kabisa, kwa sikio lilelile linalosinzia.

"Dada, huu mti gani?"

"Mlango ni mlango. Unafunga, unafungua."

"Nipe."

"Nikupe mlango, halafu panya niwazuie kwa pazia?"

"Nitakuletea wa kwangu wa karakana. Mzito, na una komeo zuri."

Dada alimtazama, brashi ya rangi mkononi. "Mdogo wangu, hata ulipooa hukuwa na haraka hivi."

Wakabadilishana. Ule wa karakana haukumuuma Gonga. Aliugonga kila asubuhi kabla ya kuufungua, na siku zote ulikuwa bubu kama gunia la unga. Gundi alisaidia kusukuma mkokoteni, akanusa mbao ya dada, akasema, "Mwerezi. Kuni tupu," kwa jicho la mtu anayekufa kwa wivu.

Karakanani Gonga aliusimamisha mlango ukutani, akafuta mikono, akagonga. Du. Akahamia upande wa pili. Du. Akaondoa bawaba, akalaza ubao juu ya vipande viwili vya mbao, akainama mpaka shavu likagusa. Du.

Akamwita Gundi.

"Gonga wewe. Unasikiaje?"

Gundi akagonga. "Kuni."

"Leo nakuuliza kweli, ndugu yangu."

"Na mimi nakujibu kweli. Kuni."

Hapo Gonga akaona walichojifanyia. Kama Gundi alikuwa anadanganya kama kawaida, mbao inaimba na sikio limekufa. Kama kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli, sikio ni zima na mbao ndiyo imekufa. Alimkazia macho asijue amuamini vipi, na kadiri Gundi alivyoapa ndivyo alivyozidi kufanana na mwongo.

Akarudi kwa dada, apate kusimama tu pale aliposikia. Dada alikuwa ameshaufunga ule mlango wa karakana kwenye fremu ya stoo. Gonga akaugonga kwa mazoea tu, kama mtu anavyomsalimu jirani asiyeitikia.

Ukaitika. Sauti ileile, ndefu, nzito.

Akaufungua, akaugonga ukiwa wazi. Du. Akaufunga, akagonga: ukavuta. Akaufungua tena, akachungulia ndani. Kuta mpya nyeupe, sakafu tupu, hamna hata kijiko. Akakaa juu ya ndoo akacheka mpaka dada akatoka jikoni.

"Umefiwa au umefurahi?"

"Nimesikia, dada. Bado nasikia."

Gundi alipohadithiwa alishika mbavu. "Kwa hiyo kaka yangu ulipenda chumba, ukaoa mlango."

Lakini Gonga hakumrudisha mke. Aliupasua mwerezi ule bubu, akaupiga randa mpaka mwanga wa dirisha ukapenya. Mbavu za gitaa alizifanya pana kuliko kawaida, na ndani akasugua gundi yote iliyomwagika, pakawa peupe na patupu kama stoo ya dada. Kazi ilikwenda polepole, na sikio nalo halikumsubiri. Siku ya kufunga nyuzi alisikia kwa mbali tu, kama redio ya nyumba ya tatu. Akaegemeza kidevu kwenye bega la gitaa, akapiga, na sauti ikapanda kwenye taya, ikakaa kwenye meno.

Dada alikuwepo, amekalia benchi. Gundi alisimama mlangoni, na safari hii hakusema kuni.

Gonga hakuinua kidevu. Aliwauliza wote wawili, na baadaye akawauliza wateja, na mafundi waliokuja kumtazama: "Sauti hii inayonipita mfupani, inatoka kwenye mbao, au kwenye ule utupu ulio nyuma yake?"