Sauti ya Pili Mashineni

Mashine ya kusaga ya Boazi ikiwashwa, pale Tunduma karibu na foleni ya malori, watu huongea kwa mikono. Vidole viwili, madebe mawili. Kiganja kikisuguliwa juu ya kiganja, mahindi yakobolewe kwanza. Katikati ya ngurumo hiyo Tumpale, aliyeajiriwa kuiendesha, aliimba kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyemsikia.

Hedifoni aliweka sikio la kushoto tu. La kulia lilikuwa la mashine, kwani ikikaribia kumaliza mahindi hubadili mlio, na asiyesikia ataiacha ijisage yenyewe. Kwa sharti hilo Boazi alimruhusu.

Kwenye hedifoni alikuwemo Mwalimu Andongwisye wa kwaya. Mwanaume huyo mwenye kifua cha besi alikuwa amejirekodi akijibana koo kuimba sauti ya pili, akawatumia wanawake kwenye simu wajifunze. Tumpale alikuwa ameirudia hadi akajua mahali mwalimu anapokohoa.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Akisimama karibu na sauti ya kwanza, anachukuliwa. Ubeti haujaisha, tayari amehamia kwao bila kujua. Mwaka uliopita aliachwa kwa sababu hiyo. Alisimama kando ya barabara na sare yake iliyopigwa pasi, akalipungia basi la wenzake. Sasa kwaya ilialikwa Vwawa, na mwalimu alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi kila mmoja ataimba peke yake na mtu wa sauti ya kwanza. Atakayehama, atabaki.

Nyumbani hakuweza kujifunza. Chumba cha kupanga kina majirani pande zote, na mama mtu mzima anayekosea noti ileile mara kumi huchekwa hadi kisimani. Mashineni alikuwa huru kukosea. Siku moja mteja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimtazama kinywa kilivyopanuka, akamsogelea na kumpigia kelele sikioni:

"Bamayo, mama, jino linauma?"

Jumamosi ilifika. Kanisani palikuwa kimya, wanakwaya wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Conjesta wa sauti ya kwanza akasimama kando yake, wakaanza. Mstari wa kwanza ukapita, na wa pili. Katika wa tatu Tumpale akajisikia mwenyewe, sauti nyembamba iliyo uchi katika ukumbi uliotulia, akaogopa, akakimbilia kwa Conjesta.

Mwalimu akainua mkono, akamwita Tumpale kwa jina la mwanawe. "Mama Ambwene, umehama."

"Mwalimu, humu kumetulia mno."

Wakacheka. Yeye hakucheka. Aliliona lile basi tena.

"Naomba mara moja tu," akasema. "Ila hawa baba wa besi wangurume kidogo. Kama mashine."

"Kanisani?"

"Taratibu tu, mwalimu. Kama inasaga dona."

Mwalimu akajikuna kidevu, kisha akawaelekeza kwa kichwa. Raphaeli wa besi akaanza, midomo imefumbwa, wenzake watatu wakafuata. Mbao za benchi zikatetemeka. Tumpale akaziba sikio la kushoto kwa kidole, akafumba macho, akaimba.

Alipofika ubeti wa pili, mwalimu alimgusa besi mmoja begani, akanyamaza. Kisha mwingine. Wa tatu. Mwisho Raphaeli naye akakata. Zikabaki sauti mbili, ya Conjesta juu na ya Tumpale chini yake, kila moja katika njia yake, na mwanamke yule aliyefumba macho hakujua kwamba mashine imezimwa kitambo. Penye kikohozi cha mwalimu alivuta pumzi, akaendelea hadi mwisho.

Alipofumbua macho, aliwakuta wanaume wanne wamekaa kimya, wanamtazama.

"Mbona mmenyamaza? Tangu lini?"

Mwalimu alikuwa ameinama, anaandika jina lake kwenye orodha ya safari.

"Haya, dada Tumpale," Conjesta akasema, "na hiyo mashine yako nayo itakaa siti ya dirishani?"

Safari hii Tumpale alicheka nao.