Turubai Uani, Nyuzi Mdomoni

Wiki ile ya send-ofu ya binti yangu nilikuwa nyumbani Ulemo, shavu limevimba upande mmoja, fizi zimeshonwa, na furaha imenijaa hadi sijui pa kuiweka. Jamani! Furaha ya namna ile na mdomo umefungwa, ni mateso.

Fizi zilikuwa zimenisumbua muda mrefu. Nikipiga mswaki natema damu, na meno ya nyuma yalishaanza kucheza. Daktari wa meno kule Kiomboi akazipasua, akasafisha mpaka kwenye mizizi, akashona. Nilipopanga siku ya kupasuliwa, sherehe ilikuwa bado mbali. Sasa nimekaa kwenye benchi, ganzi haijaisha, simu inaingia: upande wa bwana harusi wameirudisha tarehe nyuma, send-ofu ni Jumamosi hii hii. Ng'ombe wa maskini hazai!

Nikarudi mbio kwa daktari. Alikuwa ameshanipa masharti yote: nisile vya moto, nisitafune upande ule, nisipanue mdomo. Nikamuuliza, "Na vigelegele?" Akacheka. Alipoona mimi sicheki akaacha. "Vigelegele hapana, mama. Uzi ukiachia, tunarudi kwenye kiti."

Hakujua anaongea na nani. Mimi ndiye mpiga vigelegele wa pale kwetu. Harusi, ubatizo, maulidi, mtoto wa jirani kafaulu, naitwa mimi. Na kwetu binti akiingia kwenye send-ofu yake, mama mzazi ndiye anayefungua. Wanawake wengine humsubiri, kisha wanadakia. Miaka yote nimewapigia watoto wa watu, nikitamba kwamba siku ya wangu watanisikia mpaka Manyoni. Ninaye binti mmoja tu.

Basi nikauguzwa huku nyumba inachemka. Uani wanafunga turubai, jikoni wanakaanga kuku, harufu inanifuata mpaka kitandani, na mimi nimeletewa uji wa ulezi uliopoa. Mchana ugali laini na mlenda, unateleza wenyewe. Nilisukutua maji ya chumvi taratibu huku miguu inacheza chini ya shuka. Kila shangazi aliyefika alinikuta mlangoni natabasamu nusu uso.

Mlinzi wangu alikuwa mama mkwe. Mdogo wangu wa kike alijitolea kufungua kwa niaba yangu, nikatikisa kichwa. Thubutu! Ijumaa nikajificha nyuma ya banda la kuku, nikasema ngoja nijaribu kadogo tu. Ulimi haujazunguka vizuri nikasikia ladha ya damu. Kugeuka, mama mkwe huyo hapo, mikono kiunoni. Alinisema kwa Kinyiramba, akamalizia kwa Kiswahili ili na wafunga turubai wasikie: "Wewe mkamwana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Unataka wakwe waje kwenye sherehe wakukute hospitali?"

Nilirudi ndani nikalia kwa hasira. Ndiyo, hasira. Kwa nini fizi, kwa nini wiki ile? Jioni nikamwambia mdogo wangu, haya, fungua wewe.

Jumamosi niliketi mbele kwenye turubai, nimevaa kitenge cha sare, nusu ya uso imependeza. Mama mkwe kakaa ubavuni, kanishika kifundo cha mkono kama polisi. Gari likaingia likipiga honi. Emsii akakata muziki, akatangaza, "Mtoto huyo anaingia!"

Akashuka. Mwanangu! Gauni la rangi ya dhahabu, kichwa kakiinamisha kama alivyofundishwa, msimamizi wake kamshika mkono. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amefungua mdomo na machozi yanamtiririka, sauti haitoki. Wanawake wote wakageukia kwangu. Binti yangu akasimama pale zulia linapoanzia, hasogei.

Ulimi wangu ulishapanda wenyewe. Nakwambia ulishapanda. Mama mkwe akakaza mkono mpaka mifupa ikauma, nami nikauma kitambaa changu kwa meno ya mbele.

Mwanangu akainua kichwa. Akaniona nimebana mdomo natetemeka. Bibi harusi hajipigii vigelegele, hilo kila mtu anajua. Yeye ni wa kutulia, hata kulia kidogo. Akamwachia msimamizi mkono, akarudisha kichwa nyuma, akapiga.

Kilianzia chini, kikapanda, kikakatika, kikapanda tena juu zaidi. Changu. Namna yangu ileile ya kukata katikati, ambayo hata mdogo wangu imemshinda. Sikuwahi kumfundisha. Alikuwa amebebwa mgongoni kwangu wakati nawapigia watoto wa wenzangu, na nilidhani amelala.

Alikipiga kigelegele kile uso kwa uso na mimi, hakuwatazama wakwe wala kamera, na wanawake wakadakia turubai zima. Nikaficha uso kwenye kitambaa, nikijizuia, maana hata midomo kutetemeka kulikuwa kunavuta nyuzi.

Mama mkwe akaniachia mkono. "Lia," akasema. "Kulia daktari hakukukataza."