Kuku wa Bibi Daraja la Kwanza

Wiki iliyopita, ndani ya basi la kutoka Nyakahura, kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli zamani watu walikuwa wakilala kwenye treni, kitandani kabisa, viatu vimevuliwa. Nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka bibi.

Wakati wa vita ya Kagera baba alijeruhiwa mguu, akalazwa Tabora. Baba mdogo, aliyekuwa mwalimu, akatukatia tiketi za treni ya kutoka Mwanza: mimi na mama daraja la tatu, kwenye viti, na bibi, kwa sababu ya mgongo wake, kitanda cha daraja la kwanza. Bibi alibeba kuku mmoja kikapuni, wa kumpikia mwanawe supu.

Tulimsindikiza hadi chumbani. Mashuka meupe, blanketi, na kibeseni cha kunawia chenye kifuniko. Kitanda cha pili kilikuwa cha mama mmoja wa mjini, ananukia marashi. Alimwamkia bibi shikamoo vizuri tu.

Hatujafika stesheni ya Malampaka, mkagua tiketi akatujia amekunja uso. “Yule bibi ni wenu?”

Tukamfuata. Mama wa mjini alikuwa amesimama nje ya chumba, anahema. Alikuwa amefunua kibeseni anawe mikono, kumbe bibi alimficha kuku humo, akamrukia kifuani! Bibi alikuwa amekaa kitandani akimbembeleza kuku.

“Kuku huyu aende behewa la mizigo,” mkagua tiketi akasema.

“Ni wa mgonjwa huyu. Akiibwa huko, mwanangu nimpikie kofia yako?”

Mkagua tiketi akajikuna kisogo. “Basi, daraja la tatu.”

“Twende,” bibi akasema, akiokota kikapu. “Humu hamna hata wa kuongea naye.”

Mama alimsihi kuhusu mgongo, wapi! Kitanda kikabaki kitupu, nikaambiwa nilale mimi. Nilijifunika hadi puani, usingizi ukanichukua palepale.

Asubuhi, Tabora, nilikuta behewa zima linamwita bibi yangu Mama Kuku. Walikuwa wamekula karanga na viazi pamoja, bibi amewafundisha nyimbo za kwetu za Kisubi mpaka sauti imemkauka. Mgongo? Hakuutaja. Jioni baba alikunywa supu huku akisimuliwa, akacheka hadi muuguzi akamkemea asije akatonesha kidonda.

Miaka mingi baadaye, nyumbani Biharamulo, bibi na mama waliusimulia usiku ule wakikatizana maneno na kufuta machozi ya kicheko. Mimi, niliyekuwa kwenye treni ileile, ilinibidi niulize: halafu ikawaje? Sasa wote wawili wametangulia, na nyimbo zile sikuzijua. Mashuka yalikuwa laini, sikatai. Lakini usiku ule, rafiki yangu, mimi nililala.